Usiku wa Kwanza Hotelini: Kosa Si la Godoro
Wasafiri wengi huamini kwamba anayekosa usingizi usiku wa kwanza hotelini ameponzwa na godoro bovu. Godoro lina sehemu yake, lakini hata kitanda kizuri hakiondoi tatizo hilo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba mtu anapolala mahali pageni kwa mara ya kwanza, nusu ya kushoto ya ubongo wake hubaki macho kiasi hata katika usingizi mzito, ikinasa sauti ngeni upesi kuliko nusu ya kulia. Kwa hiyo kudai chumba kingine usiku wa manane (na kuwasumbua wahudumu bure) hakusaidii sana, kwa kuwa hicho nacho ni kigeni. Ni afadhali kuomba mapema chumba kilicho mbali na lifti na barabara.