Jaketi la mvua la mtoto: si kila unyevu ni kuvuja

Mtoto akishuka Menengai baada ya mvua, fulana imelowa chini ya jaketi, mzazi husema jaketi linavuja. Mara nyingi halivuji. Amepanda mlima akikimbia, zipu imefungwa hadi shingoni, na jasho halikupata pa kutokea.

Kitambaa kina tabaka mbili za kazi: utando wa ndani unaozuia maji, na dawa ya juu inayofanya matone yateleze. Dawa hiyo ikichakaa au ikizibwa na uchafu, kitambaa cha nje hunywa maji, huwa kizito na baridi, na jasho hukwama ndani.

Mwagia begani kijiko kimoja cha maji. Yakiviringika, dawa iko sawa. Kitambaa kikibadilika rangi, lifue. Ndiyo, lifue, kuogopa kufua ndiko kunakoharibu majaketi mengi. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya maji, bila jiki wala dawa ya kulainisha nguo, na suuza mpaka povu liishe kabisa. Lisipopona, nyunyiza dawa mpya ya kufukuza maji.

Ukinunua la mtumba, ligeuze kwanza. Utepe wa mishono ukibanduka, au bitana ikitoa maganda yanayonata vidoleni, liache. Ni vigumu kulifufua.

Kwa jasho, mvalishe fulana ya poliesta badala ya pamba, na umfungulie zipu kabla ya kuanza kupanda.