Seli shina za ini changa: zinatambuliwaje, zinakuzwaje?

Ini la mtu mzima likikatwa hujirudishia ukubwa wake. Kwa nini basi watafiti wahangaike na ini la kijusi?

Kwa sababu ini la mtu mzima hujirudishia ukubwa likiwa mwilini tu. Seli zake kuu, zile zinazotengeneza albumini na kuondoa sumu, zikihamishiwa kwenye sahani ya maabara hupoteza kazi zake ndani ya siku chache. Hata mwilini, makovu ya sirosisi, ugonjwa unaolifanya ini kujaa makovu, yakishatanda, uwezo wa kujirudishia hufifia. Ini la kijusi ndiyo kwanza linajengwa, na seli zinazolijenga zingali kazini.

Seli hizo ni zipi?

Huitwa hepatoblasti, na ndizo zinazotafutwa kama seli shina za ini, yaani seli zinazoweza kujizalisha na pia kuzaa aina nyingine za seli. Ini la binadamu huchipua kwenye ukuta wa utumbo wa awali katika wiki ya nne ya ukuaji wa kiinitete, kwa ishara za kikemikali zinazotoka, miongoni mwa kwingine, kwenye tishu za moyo unaoumbika jirani yake. Kila hepatoblasti ina njia mbili: kuwa seli kuu ya ini au kuwa seli ya mirija ya nyongo. Zilizo kandokando ya mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumboni ndizo huelekea kwenye mirija.

Si zikusanywe tu?

Ugumu uko hapo. Kabla uboho wa mifupa haujashika kazi hiyo, ini la kijusi ndilo kiwanda kikuu cha damu. Ukilitenganisha seli moja moja, sehemu kubwa ya unachopata ni seli za damu, na darubini peke yake haitoshi kukuonyesha hepatoblasti ni ipi.

Kwa hiyo watafiti hutafuta protini zilizo juu ya ngozi ya seli. Kingamwili zilizopakwa rangi inayong'aa hunata kwenye protini hizo, kisha mashine hupitisha seli moja moja mbele ya leza na kuzitenga. Zenye CD45, alama ya seli za damu, huondolewa. Zinazobaki hukaguliwa kama zina EpCAM au Dlk1, protini zilizo juu ya hepatoblasti. Hii ya pili watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2003 kwamba inafaa kutenga hepatoblasti za panya. Alfa-fetoprotini, protini inayotengenezwa na ini changa, nayo ni alama nzuri, ila imo ndani ya seli: kuiona kwa njia hii hulazimu seli itobolewe, na ikitobolewa imekufa. Inafaa kuthibitisha, haifai kuchagua seli za kukuza.

Alama zikikubali, tumepata seli shina?

Bado. Seli shina hujulikana kwa uzao wake. Seli moja hupandwa peke yake. Ikizaa kundi lenye aina zote mbili, za ini na za mirija, na seli za kundi hilo zikihamishwa zikazaa makundi mengine, hapo kuna hoja. Kisha hupandikizwa kwa panya mwenye ini lililoharibika, ionekane kama zinafanya kazi. Ripoti inayoishia kwenye alama pekee mimi huisoma kwa mashaka.

Hukuzwa kwa kitu gani?

Sahani hupakwa kolajeni au laminini, protini ambazo seli hujishikiza kwazo, seli zikawekwa kwenye kimiminika chenye sukari, amino asidi, insulini na vichocheo vya ukuaji kama HGF na EGF, kwa nyuzi 37. Zikitakiwa kukomaa, huongezwa onkostatini M, protini ya kupeleka ishara kwa seli, na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Ajabu ni kwamba ndani ya kijusi, onkostatini M hutolewa na zilezile seli za damu tulizoziondoa mwanzoni.

Lazima zitoke kwa kijusi cha binadamu?

Hapana. Mengi yamejulikana kupitia panya. Tishu za kijusi cha binadamu zinahitaji ridhaa na kibali cha kamati ya maadili, na sheria za nchi hutofautiana. Mwaka 2006 mtafiti wa Japani Shinya Yamanaka na mwenzake walizirudisha seli za kawaida za panya katika hali ya ushina. Mwaka 2007 ikawezekana kwa seli za binadamu. Seli hizo huweza kuongozwa hatua kwa hatua hadi kuwa za ini. Mwaka 2013 timu ya Takanori Takebe, Japani, ilizichanganya na aina nyingine mbili za seli, zikajikusanya kuwa vichipukizi vya ini ambavyo, vilipopandikizwa kwa panya, viliunganika na mishipa yao ya damu.

Ndugu yangu ana sirosisi. Akachome sindano za seli shina?

Asichome. Hazijathibitishwa kuwa tiba ya kawaida ya sirosisi. Daktari wake ataanza na chanzo: dawa za homa ya ini B au C, au kuacha pombe. Ini likishindwa kabisa, huzungumziwa upandikizaji. Akiambiwa ni utafiti, aulize umesajiliwa wapi na kamati gani ya maadili imeupitisha. Utafiti halali humpa fomu ya ridhaa, humruhusu kujitoa wakati wowote, na kwa kawaida haumtozi fedha kwa tiba inayojaribiwa.