Siku tatu Dublin kwa mtu asiye na haraka

Mgeni akiniambia anataka Dublin ya kifahari, huwa namuuliza kwanza: unaweza kukaa mbele ya picha moja kwa nusu saa? Kazi yangu ni kupanga safari za sanaa kwa familia kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Muscat, na sijui mji mwingine unaomlipa mtu mtulivu kama huu. Makumbusho mawili makubwa nitakayoyataja hapa chini, National Gallery na Chester Beatty, hayatozi kiingilio. Kwa hiyo pesa ya mgeni inabaki kwa malazi mazuri, mwongozaji anayejua anachokisema, na siku zisizobanwa.

Kwa kulala napenda hoteli ya The Merrion: nyumba nne za karne ya 18 zilizounganishwa, zikafunguliwa kama hoteli mwaka 1997. Kuta zake zina kazi halisi za wachoraji wa Ireland, na chai ya alasiri huletwa na keki zilizobuniwa kutokana na picha hizo. Watoto hulinganisha keki na picha ukutani, na kabla hawajafika makumbusho yoyote, macho yao yameshazoea kutazama.

National Gallery iko hatua chache tu kutoka hapo. Ilifunguliwa mwaka 1864, mwaka uleule Frederic William Burton alipochora kwa rangi za maji wapenzi wawili wakiagana kwenye ngazi za mnara. Binti, Hellelil, amempenda Hildebrand, mlinzi wake, na baba wa binti ameamuru kijana auawe. Nyuso zao hazikutani. Hildebrand ameukumbatia mkono wa Hellelil tu. Kwa kuwa mwanga hufifisha rangi za maji, picha hii hufungiwa kabatini na kufunguliwa saa chache kwa wiki. Angalia ratiba kabla ya kukata tiketi ya ndege. Mimi huipanga safari nzima kuizunguka saa hiyo.

Ghorofani hapo ipo picha ya Caravaggio, mchoraji wa Italia, na kisa chake nakipenda. Picha ya Yesu akikamatwa, ya mwaka 1602, ilitundikwa miaka mingi katika chumba cha kulia chakula cha mapadre Wajesuiti mtaa wa Leeson, ikidhaniwa ni ya mchoraji mwingine. Mwaka 1990 mtaalamu wa kukarabati picha za zamani, Sergio Benedetti, aliitwa aitazame, akaitambua. Simama upande wa kulia, umtazame yule anayeinua taa: wataalamu wengi huamini ni Caravaggio mwenyewe.

Kitabu cha Kells pale Trinity College, Injili nne zilizoandikwa juu ya ngozi ya ndama karibu mwaka 800, kila mtu atakutajia. Kina kiingilio na foleni. Nenda asubuhi na mapema.

Siku ya pili yote naiacha kwa Chester Beatty, ndani ya uwanja wa Dublin Castle. Alfred Chester Beatty alikuwa mhandisi wa madini, Mmarekani, aliyehamia Dublin mwaka 1950 na kuuachia umma hazina yake alipofariki mwaka 1968. Katika hazina hiyo umo msahafu ulioandikwa na Ibn al-Bawwab huko Baghdad mwaka 391 Hijria, juu ya karatasi, kwa hati ya naskhi iliyonyooka kiasi kwamba anayesoma Kiarabu leo anausoma bila shida. Sehemu kubwa ya mali iliyonunua vitu kama hivi ilitoka kwenye shaba ya Zambia, iliyochimbwa na Waafrika chini ya ukoloni. Nawaambia wageni wangu jambo hili palepale, mbele ya kabati la vioo. Mzee mmoja wa Lubumbashi alinisikiliza, akanyamaza, kisha akarudi peke yake kuutazama tena ule msahafu.

Siku ya tatu ni ya historia. Gereza la Kilmainham huingii bila mwongozaji, na nafasi huisha mapema. Hapo walipigwa risasi viongozi 14 wa uasi wa 1916 dhidi ya utawala wa Waingereza. Mmoja wao, Joseph Plunkett, alifunga ndoa na Grace Gifford katika kanisa la gereza saa chache kabla ya kuuawa.

Wa mwisho kuuawa kwa sababu ya uasi ule, aliyenyongwa huko London, alikuwa Roger Casement, aliyewahi kuwa balozi mdogo wa Uingereza. Mwaka 1904 ripoti yake ilifichua mateso ya wavuna utomvu wa mpira katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji: mikono iliyokatwa, vijiji vilivyohamwa. Mzaliwa huyu wa Dublin aliwasikiliza Wakongo, akaandika walichomwambia, na hayo aliyoyaona kule yalimfanya aitazame upya nchi yake. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1965 ikazikwa Glasnevin. Makaburi hayo yako kaskazini mwa mji, upande wa uwanja wa ndege, kwa hiyo tunapita tukiwa na mizigo garini, na dereva anatusubiri langoni.