Mafunzo ya miradi ya dharura kwa watoto: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Karibu kila mradi wa dharura unaohudumia watoto hufungwa kwa ripoti yenye kipengele cha "mafunzo tuliyoyapata". Chukua ripoti za mashirika kadhaa, soma kipengele hicho tu, na utakutana na sentensi zilezile: ushirikishwaji wa jamii ni muhimu, uratibu uimarishwe, fedha zitolewe mapema. Hakuna uongo hapo. Ila mratibu anayekwenda kufungua kambi mpya wiki ijayo hana cha kufanya na maneno hayo, na yapo kwa sababu ya dhana ambazo zimezoeleka mno maofisini.

Dhana: Funzo ni habari ya mafanikio

Habari ya mtoto aliyepona na kurudi darasani ina kazi yake, hasa ya kuchangisha fedha. Funzo lina kazi nyingine. Linajibu maswali manne: tulitarajia nini, kilitokea nini, kwa nini, na atakayekuja baada yetu afanye nini? Maswali haya yalitoka kwenye mazoezi ya jeshi la Marekani, mashirika ya misaada yakayachukua, na bado hayajapitwa na wakati.

Tuseme kuna kituo cha kusajili watoto waliopotezana na wazazi wao. Ripoti inasema: "Ushirikishwaji wa vijana uliongeza ufanisi wa usajili." Sasa iandikwe hivi: "Meza ya usajili ilikuwa wazi asubuhi hadi saa nane mchana. Watoto wadogo waliletwa na majirani, lakini wa miaka 13 hadi 17 hawakuonekana. Baadaye msichana mmoja akatueleza kwamba saa hizo wao huwa kwenye foleni ya maji. Tulipohamishia usajili jioni na kuweka meza karibu na bomba, walikuja. Kabla ya kupanga saa za kazi, uliza watoto wakubwa wanakuwa wapi." Maneno yameongezeka, ndiyo, lakini sasa kuna kosa, sababu na hatua ya kuchukua. Tena hakuna aliyedhalilishwa. Wengi huogopa kwamba mfadhili akiona kosa atafunga mkoba. Lakini mfadhili mwenye uzoefu huitilia shaka ripoti isiyo na doa hata moja.

Dhana: Hesabu ya tulivyogawa inatosha

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Baada ya tetemeko la ardhi la Yogyakarta, Indonesia, Mei 2006, maziwa ya kopo yaligawiwa kwa wingi kwa familia zenye watoto wachanga, wakiwemo waliokuwa wakinyonya. Kwa kuangalia daftari la ghala, zoezi lilikwenda vizuri. Watafiti waliofuatilia watoto wa chini ya miaka miwili walikuta kwamba katika wiki moja, asilimia 25.4 ya waliopewa maziwa hayo waliharisha, dhidi ya asilimia 11.5 ya wale ambao hawakupewa. Mahali ambapo maji safi ni ya shida na vyombo haviwezi kuchemshwa, kopo la msaada linaweza kumletea mtoto ugonjwa. Jambo hilo lisingeonekana kama watu wangeishia kuhesabu makopo.

Dhana: Likishaandikwa, limejulikana

Tukiangalia watoto wanaoitwa "yatima" wa maafa, uzoefu wa Rwanda baada ya 1994 ulionyesha kuwa watoto wengi waliotengana na familia zao wana ndugu wanaoweza kutafutwa. Januari 2004 mashirika sita, yakiwemo UNICEF, UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yalitoa kanuni za pamoja kuhusu watoto hao: tafuta familia kwanza, na usikimbilie kumwasilisha mtoto kwa watu wa kumlea nje ya nchi. Kazi nzuri, na maandishi yake ni safi.

Miaka sita baadaye, wiki chache baada ya tetemeko la Haiti la Januari 12, 2010, kundi la wamisionari kutoka Marekani lilizuiwa mpakani likijaribu kuvuka na watoto 33 kuingia Jamhuri ya Dominika. Ikaja kubainika kwamba wengi wao wana mzazi aliye hai. Mashirika makubwa yalikuwa yakipinga haraka ya aina hiyo, maana wao walishasoma. Ambao hawakusoma ni watu wa kujitolea walioingia kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo anayeandika funzo hana budi kujiuliza ni nani asiyesoma ripoti zetu, na kanuni hii itamfikia kupitia wapi: ofisi ya uhamiaji, redio, viongozi wa dini, au karatasi moja ukutani pale mpakani?

Dhana: Tutaandika mradi ukiisha

Mradi ukiisha, watu wameondoka. Mikataba ya dharura mara nyingi ni ya miezi michache, na aliyejua kwa nini hema la watoto lilihamishwa yuko nchi nyingine. Nusu saa kila Ijumaa, watu watano, maswali manne, karatasi moja. Inatosha.

Dhana: Mafunzo hayabadilishi sera

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu wafanyakazi wengi wameshakata tamaa. Kabla ya mwaka 2000, mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa kituoni kwa wiki kadhaa, mama akiwa pembeni yake. Mama huyo ana watoto wengine nyumbani na shamba linalomsubiri, kwa hiyo wengi hawakuja kabisa. Mwaka 1996 Wafaransa wawili, daktari André Briend na mhandisi wa chakula Michel Lescanne, walibuni chakula tiba cha karanga kisichohitaji kuchanganywa na maji. Mwaka 2000, nchini Ethiopia, kundi la wataalamu likaanza kukitumia chakula hicho kuwatibu watoto wakiwa nyumbani kwao.

Kilichowapa nguvu ni kumbukumbu zao. Waliandika waliopona, waliokufa na walioacha tiba, kisha katika miradi iliyofuata wakatoka kituoni na kwenda vijijini kuwatafuta watoto waliostahili tiba ambao hawajawahi kufika. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo iliyogeuza mjadala, kwa sababu daktari anayesimamia wodi hawezi kuwaona wasiokuja. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, Mpango wa Chakula Duniani, UNICEF na kamati ya lishe ya Umoja wa Mataifa walitoa tamko la pamoja la kuunga mkono tiba hiyo ya nyumbani.

Dhana: Watoto hawana la kuongeza, na wakiwa nalo tuweke jina na picha

Pande zote mbili zinakosea. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na watoto huwaona wale ambao watu wazima wamewasahau. Lakini kufuta jina peke yake hakumfichi mtu. "Msichana wa miaka 14 anayetembea kwa mkongojo, kambi ya kaskazini" anajulikana na kambi nzima. Badilisha au uondoe umri, mahali na alama ya mwili pale visipogusa funzo lenyewe. Eleza mtoto na mlezi wake maneno yao yataenda wapi, na uwaambie wanaweza kubadili mawazo kesho. Nakala zenye majina zibaki kwa ofisa wa ulinzi wa mtoto, zifungiwe, na zifutwe muda waliokubaliana ukifika.