Dashibodi ya takwimu katika idara ya dharura ni nini?

Ni ukurasa wa kompyuta, au skrini ya ukutani, unaoonesha hali ya idara ilivyo sasa hivi: wagonjwa wangapi wamo, nani kangoja muda gani, vitanda vingapi vi wazi. Namba hutoka kwenye yale yanayoandikwa na wauguzi na madaktari wakiwa kazini.

Takwimu za afya si ngeni Zanzibar. Kwa miaka mingi vituo vya Unguja na Pemba vimekuwa vikituma ripoti za mwezi kwenye DHIS2, programu ya kompyuta ya takwimu za afya iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Ripoti ya mwezi yafaa kupangia dawa na bajeti, lakini mgonjwa wa dharura hesabu yake ni ya dakika. Mwenye maumivu ya kifua hutakiwa apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu afike.

Tuseme bibi kaletwa kutoka Kengeja hadi Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, kifua kinambana. Ziandikwe nyakati nne: alipofika mlangoni, alipopewa rangi ya ukali wa hali yake, alipopimwa moyo, alipoonwa na daktari. Zikijazwa kwa kukisia mwisho wa zamu, skrini itapendeza na itadanganya. Mimi ningeanza kununua saa kubwa ya kutundika mlangoni kabla ya skrini yenyewe.

Na wastani usituhadae. Wagonjwa 9 wakingoja dakika 10 kila mmoja, wa kumi akangoja saa 3, wastani ni dakika 27 tu. Huyo wa kumi huenda ndiye bibi yetu! Dashibodi nzuri humtoa mbele aliyengoja kuliko wote.

Lengo moja peke yake nalo lina hatari. Uingereza, mwaka 2004, hospitali zilitakiwa kuwahudumia na kuwatoa idarani asilimia 98 ya wagonjwa wa dharura ndani ya saa 4 tangu wafike. Muda ulipochorwa kwenye grafu, ikaonekana wengi wakitolewa dakika chache tu kabla ya saa 4 kutimia, kana kwamba kilichoamua ni saa, si hali ya mgonjwa. Kwa hiyo pembeni ya muda ziwekwe namba nyengine: walioondoka bila kuonwa na daktari, waliorejea ndani ya siku 3, waliofariki.

Kisha wawepo wa kuzitumia. Zamu zinapopokezana, muuguzi mkuu na daktari wachague ucheleweshaji mmoja na waulize sababu yake hasa: karatasi za mashine ya moyo zimekwisha, au kabati limefungwa na mwenye ufunguo kenda nyumbani? Wiki ijayo waitazame tena namba ile ile.