Je, wajua "Nayaweza mambo yote" iliandikwa kuhusu njaa na shibe?

"Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Utaukuta mstari huu, Wafilipi 4:13, kwenye vioo vya daladala, fulana za kwaya na madaftari ya wanafunzi wanaosubiri matokeo. Vijana wengi tunausoma kama ahadi ya kufanikiwa: nitapata kazi, nitajenga, biashara itasimama. Paulo aliuandika kwa sababu gani hasa?

Alikuwa kifungoni. Enzi za Warumi mfungwa aliishi zaidi kwa kuletewa mahitaji na ndugu na marafiki. Kanisa la Filipi, huko Makedonia, likamtuma Epafrodito ampelekee msaada, naye akaugua hadi akakaribia kufa. Sura ya nne inashukuru kwa msaada huo, na humo Paulo anasema: "nimefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Mara baada ya maneno hayo ndipo unakuja mstari wetu. Mambo yote anayoyaweza, basi, ni hali zote za tumbo na mfuko.

Na hakuzaliwa ameridhika, alijifunza. Hukohuko Filipi aliwahi kuchapwa bakora na kufungwa miguu kwenye mkatale. Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila apate riziki. Kwa hiyo anayedhani kuridhika ni kukaa bure akisubiri muujiza hajamwelewa Paulo hata kidogo.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba hata kushiba alifundishwa. Sisi huomba nguvu ya kuvumilia ukata, lakini mshahara wa kwanza ukiingia hatuoni kama hapo pia tunahitaji Mungu. Kumbe ndipo wengi tunapojikwaa: simu ya mkopo, nguo za kupigia picha, sherehe ya kuwaonyesha waliosoma nasi, na mwisho wa mwezi deni. Wakristo wa Makedonia walikuwa maskini sana, Paulo mwenyewe anashuhudia katika 2 Wakorintho 8, na bado walitoa kwa furaha.

Mstari wa 14 nao hauandikwi kwenye daladala: "Walakini mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu." Aliyeridhika bado alihitaji msaada, akaupokea, akashukuru. Rafiki yako akikosa kodi ya chumba, usimsomee wa 13 ukaishia hapo, mchangieni.