Kamera ya joto ya kukagulia bodi: anza na lenzi

Kamera yangu ya kwanza ya joto, ile inayoonyesha kwa rangi sehemu zenye moto, ilinitia hasara, na kosa lilikuwa langu. Niliinunua kwa fundi umeme aliyekuwa anahama Dodoma. Yeye aliitumia kukagua maungio ya nyaya, na kwa kazi hiyo ilikuwa safi sana. Nikaileta kibandani kwangu Majengo, nikaielekeza kwenye bodi ya simu yenye shoti nikitafuta kifaa kilichokufa, maana ndicho kinachopata joto, nikapata doa jekundu kubwa kama punje ya hindi. Ndani ya doa lile nilihesabu kapasita, vile vifaa vidogo vya kutunza chaji, kumi na moja. Ning'oe ipi?

Tangu hapo, fundi mwenzangu akiniuliza anunue ipi, namuuliza kwanza: hiyo unayoitaka inaona vizuri ikiwa karibu kiasi gani?

Wauzaji hupenda kutangaza joto la juu inalopima, nyuzi 400, nyuzi 550. Bodi ikifika huko hutahitaji kamera, moshi utakuonyesha. Pikseli, yaani nukta zinazounda picha, zina maana, ila piga hesabu. Chukua kamera ya pikseli 256 kwa 192 yenye lenzi inayoona upana wa digrii 50. Ukiishika sentimita 30 juu ya bodi, pikseli moja inabeba milimita 1 na ushee. Kapasita ya saizi 0402 ina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu yake, kwa hiyo imemezwa nzima. Shuka hadi sentimita 10, pikseli inabaki na milimita 0.36 hivi, na hapo kapasita inaanza kuonekana. Lakini kamera nyingi za bei nafuu fokasi yake imefungwa kiwandani. Ukisogea karibu hivyo, picha inakuwa ukungu mtupu. Tafuta yenye fokasi ya kuzungusha kwa mkono, au inayouzwa na lenzi yake ya kukuza.

Na usijisumbue na lenzi ya fundi saa. Nilijaribu, nikaona duara la kijivu tu, kwa sababu kioo cha kawaida hakipitishi miali ya joto ambayo kamera hii inaiona. Inayofanya kazi ni ya zinki selenaidi, ya rangi ya asali, ileile inayofungwa kwenye mashine za leza za kukatia.

Kasi ya picha nayo iangalie. Nikitafuta shoti naipa bodi volti 1 tu kutoka paua saplai, kile chombo cha mezani cha kutoa umeme wa kupimia, ampea nazibana kwenye 2. Shaba ya bodi husambaza joto upesi, kwa hiyo sekunde ya kwanza ndiyo inayomtaja mkosaji. Kamera ya picha 25 kwa sekunde huiwahi sekunde hiyo vizuri kuliko ya 9. Feni nazima, mlango nafunga. Upepo wetu wa Julai hapa Dodoma unapoza kapasita kabla hujaiona.

Vifuniko vya bati na risasi ya kulehemu inayong'aa vitakudanganya: vinaakisi joto la uso wako. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, upime juu yake.

Ile kamera ya kwanza bado ninayo. Jirani yangu anayefunga sola huiazima kila wiki, na kila wiki huirudisha chaji imekwisha.